Dhahabu imejenga madarasa, sasa isomeshe walimu

SAFU: Kutoka Usukumani
Na Nkwabi Lushinge

Shinyanga inajua kumhudumia mtoto mwenye ulemavu pale inapoamua kumwona. Shule ya Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga, ilianza kwa ajili ya wasioona, ikapokea viziwi, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri miaka ya 2000 ikielekea mwisho, ikawa kimbilio la watoto wenye ualbino kutoka wilaya nyingi za Kanda ya Ziwa. Wapo wanaolaumu mtindo wa kuwaweka watoto ndani ya uzio mbali na ndugu zao, na lawama hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayeweza kudai kwamba watoto wale hawakuonekana. Ninayemzungumzia leo ni mwingine. Ana macho mazima na masikio mazima, anatumwa dukani akarudi na chenji kamili, anajua ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa rangi. Yuko darasa la nne na bado anasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na afikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshampotea. Shuleni wamekwisha kumpa jina: mzito.

Wataalamu wengi duniani hukadiria kwamba kati ya watoto mia, watano hadi kumi wana ugumu wa kujifunza wa aina hii, unaohusu kusoma, kuandika au kuhesabu, ilhali akili yao ni timamu. Ule wa kusoma huitwa disleksia. Tatizo la ukanda wetu wa dhahabu, Shinyanga na Geita, ni kwamba mtoto huyu amejificha katikati ya umati wa wengine walioshindwa kusoma kwa sababu nyingine kabisa. Ripoti ya mwaka 2011 ya Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, ilionyesha kwamba, nchini kote, wanafunzi watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Sasa chukua darasa la kwanza lenye watoto 120, jambo lisiloshangaza mtu Geita. Kipindi ni dakika 30. Mwalimu akimsikiliza kila mtoto, kila mmoja atapata sekunde 15, na hapo hajafundisha lolote. Wengi wao wamekuja wakiongea Kisukuma. Wengine mzazi amehama mara mbili ndani ya mwaka kufuata rashi ya dhahabu, kutoka Nyarugusu hadi Mwakitolyo, na wenye umri mkubwa kidogo wanashinda kwenye karasha za kusaga mawe na mialo ya kuoshea dhahabu. Yupi kati yao ana disleksia, na yupi amekosa tu kufundishwa?

Kuna pia zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu. Elias Nyanza wa chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, na wenzake waliwafuatilia wajawazito na watoto wao katika maeneo ya wachimbaji wadogo ya kanda hii, na matokeo waliyochapisha mwaka 2021 yanahusisha zebaki nyingi mwilini mwa mama na dalili za kuchelewa kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto. Utafiti ule haukupima kusoma, na sitaulazimisha useme zaidi ya ulivyosema. Hata hivyo, mahali ambapo dhahabu iliyochanganywa na zebaki huchomwa uani kwenye sufuria, hatuna sababu ya kuamini kwamba watoto wetu wenye shida ya kujifunza ni wachache kuliko wa kwingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Waliozaliwa mwaka ule wanaanza shule sasa.

Nimewahi kusikia hoja kwamba disleksia ni maradhi ya Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake hayafuati matamshi, na kwamba Kiswahili kinachoandikwa kama kinavyotamkwa hakiwezi kumshinda mtoto. Hoja hii inavutia lakini haisimami. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walionyesha mwaka 2003 kwamba hata tahajia ya Kiswahili, pamoja na unyoofu wake wote, si kazi nyepesi kwa watoto. Na kutoka lugha nyingine zenye maandishi manyoofu, kama Kijerumani na Kiitaliano, tunajua kwamba disleksia hujidhihirisha zaidi katika kasi kuliko katika makosa: mtoto anafika, ila kwa mwendo wa kuchosha. Kwa hiyo ukiwa Shinyanga usimtafute kwa kuhesabu makosa. Mtoto akiandika "kurara" badala ya "kulala", huenda ni kwa sababu Kisukuma hakitofautishi r na l, basi. Yule wa kutazamwa ni anayeshindwa kukuambia neno linaanza na sauti gani hata ukimuuliza kwa Kisukuma, lugha ya mama yake.

Sheria haikumsahau kabisa. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na umekuwapo mkakati wa taifa wa elimu jumuishi, ukiwamo wa 2021/22 hadi 2025/26. Kinachomkwamisha ni kuhesabiwa. Baraza la Mitihani linapotangaza watahiniwa wenye mahitaji maalumu wa darasa la saba, hutaja wasioona, wenye uoni hafifu, wenye uziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Hao huongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Mtoto wa disleksia, ambaye muda ndio hasa anaouhitaji, hana kundi la kuingia. Akishindwa upimaji wa darasa la nne hukaririshwa, afundishwe tena kwa njia ileile iliyomshinda. Au huchapwa. (Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa kosa kubwa la nidhamu, sijaona kanuni inayohesabu kusoma polepole kuwa utovu wa nidhamu.)

Wengi wakifika hapa hudai wataalamu wa kupima waletwe. Mimi napingana nao. Ambapo watoto wengi hawajafundishwa vya kutosha, hakuna daktari wala fomu itakayotenganisha aliyenyimwa na aliyeumbwa hivyo. Kipimo pekee cha kuaminika ni kumfundisha vizuri kwanza, kisha uone nani amebaki. Katikati ya darasa la pili, mwalimu ahakikishe mtoto anaona na kusikia, halafu ampe maswali mafupi ya sauti, bila karatasi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Walioshindwa wakusanywe katika vikundi vya watoto sita au wanane, dakika 20 kila siku kwa muhula mzima, wafundishwe sauti na herufi zake hatua kwa hatua, kwa kusikia, kutamka na kuandika. Aliyekosa tu mwalimu ataruka haraka, aondoke kikundini. Ambaye hajasogea baada ya muhula, huyo ndiye wa kupelekwa kwa mtaalamu. Na hapa napata jibu kwa anayeuliza kwa nini tuhangaike na wachache wakati darasa zima halisomi: kazi ileile inawahudumia wote wawili, na hakuna aliyepaswa kusubiri jina la ugonjwa ili asaidiwe.

Lipo pingamizi la unyanyapaa, na katika mikoa hii silichukulii kirahisi. Hapa ndipo vikongwe waliuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Ukimwandika mtoto kuwa na kasoro ya ubongo, kuna nyumba ambamo jibu litatafutwa kwa mganga. Lakini mtoto huyu tayari ana jina, na ni baya kuliko lolote ambalo mtaalamu angempa. Kikundi cha kusoma ambacho leo anaingia huyu na kesho anatoka yule hakimbandiki mtu alama ya kudumu, na mzazi anaweza kuambiwa kwa maneno ya kawaida kwamba mwanawe anahitaji kurudia sauti mara nyingi zaidi ya wenzake.

Nani afanye kazi hii, kwa fedha ipi? Ajira za walimu ziko mikononi mwa serikali kuu, kwa hiyo halmashauri haiwezi kujiajiria jeshi. Inaweza, hata hivyo, kumchagua mwalimu aliyekwisha kuajiriwa katika kila kata, ikamlipia masomo ya elimu maalumu katika Chuo cha Patandi, Arusha, na akirudi ikampa pikipiki na mafuta azungukie shule za kata yake. Fedha hizo tunazo kuliko halmashauri nyingi nchini. Kampuni za migodi hulipa ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mapato ghafi, na marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kukubaliana na halmashauri, kila mwaka, juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Geita fedha za mpango huo zimejenga madarasa, zahanati, hata uwanja wa mpira. Najua kwa nini: jengo hupigwa picha, huzinduliwa, na mkaguzi huligusa kwa mkono. Mwalimu aliyesomeshwa anaweza kuhamishwa mwakani, na hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana asaini kwanza kubaki katani miaka mitano, na mkurugenzi aafikiane na TAMISEMI kuheshimu saini hiyo. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai. Madiwani wa halmashauri za Geita na Msalala wakipitisha mpango mwingine wenye matofali matupu, wazazi wa Rwamgasa na Kakola wana haki ya kuuliza ni jengo lipi lililoonekana la haraka kuliko mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma jina lake ubaoni.