Maembe, Ndizi na Mzio Usiotarajiwa

Mzio, yaani hali ya kinga ya mwili kupambana na kitu ambacho kwa watu wengi hakina madhara, hautokani na matunda ya kigeni peke yake, kwani hata ndizi za Taveta na maembe yauzwayo sokoni Voi huweza kuuchochea. Utomvu wa mwembe, mti ulio wa jamii moja na mkorosho, una kemikali zinazowasha ngozi, na kwa kuwa vipele aghalabu huzuka siku moja au mbili baadaye kuzunguka mdomo wa aliyemenya embe kwa meno, ni rahisi mno lawama kuangukia chakula kingine. La ndizi ni zito zaidi, na linastahili kuelezwa wazi hasa kwa wauguzi: baadhi ya protini zake, kama zile za parachichi, zinafanana na protini za mpira asilia unaotengenezewa glavu, hivyo mtu ambaye mwili wake umeshaukataa mpira huo huweza kuwashwa kinywani anapokula ndizi. Midomo ikivimba na pumzi zikibana, mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, asicheleweshwe kwa kunyweshwa maziwa.