Ngoja ngoja ya stakabadhi huumiza zaidi ya matumbo

WAHENGA walinena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Lau wangaliishi nasi leo katika mji wa Turbo, kwenye barabara kuu itokayo Eldoret kuelekea Malaba, huenda wangaliongeza kichwa, moyo na usingizi.

Eneo hili la Uasin Gishu limesifika kwa miaka mingi kwa watoto wake waliovuka bahari. Wako wanariadha, wako waliokwenda kusoma, na wako wauguzi waliopata kazi huko wakabaki. Wengi wao waliacha mke au mume nyumbani, au walirudi likizoni wakafunga ndoa kisha wakaondoka tena peke yao.

Mahari imetolewa, cheti cha ndoa kimechukuliwa na faili imepelekwa. Lililobaki ni jibu kutoka ofisi ambayo anayengoja hajawahi kuiona. Jibu hilo huchukua miezi, na aghalabu miaka.

Tumezoea kulitazama jambo hili kama shida ya wanasheria na maafisa wa uhamiaji. Kwa maoni yangu ni suala la afya pia, na madhara yake makubwa hayaletwi na ofisi za ng'ambo peke yake. Mengine tunajiletea wenyewe, tunapoahirisha kuutunza mwili mpaka viza itoke.

Faili ina safari yake

Ni vyema kwanza msomaji aelewe kwa nini jambo hili huchelewa. Marekani huwagawa wanaongojea wenzi wao katika mafungu mawili. Mke au mume wa raia hana kikomo cha idadi ya viza kwa mwaka. Mwenzi wa mtu ambaye bado si raia, bali ana kadi ya ukaaji wa kudumu, ile maarufu kama grinikadi, huingia katika foleni yenye kikomo. Hata kama stakabadhi zake zote ni safi, atangoja mpaka zamu ifike.

Foleni hiyo inaweza pia kusimamishwa. Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipozuka, balozi za Marekani zilisitisha huduma za kawaida za viza. Mwezi uliofuata ikatolewa amri iliyowafungia njia wenzi wa wenye grinikadi, na amri hiyo haikuondolewa hadi Februari 2021. Aliyekuwa amehesabu miezi kwa vidole alianza kuhesabu upya.

Hata akifika huko, kungoja hakuishi. Tangu sheria ya 1986 iliyokusudia kuzuia ndoa za uongo, mtu anayeingia Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka miwili hupewa kadi ya masharti ya miaka miwili tu. Katika siku 90 za mwisho za kadi hiyo, wenzi hao hutakiwa kuomba masharti yaondolewe, na maombi hayo nayo hukaa.

Jinsi yanavyokaa tunaweza kujua kwa kutazama barua ambayo serikali hiyo humpa mwombaji ili kadi iliyokwisha muda iendelee kutambuliwa. Zamani barua hiyo iliongeza miezi 18. Mwaka wa 2021 ikawa 24, na Januari 2023 ikafanywa 48. Kadi ya miaka miwili ikahitaji nyongeza ya miaka minne! Serikali haiwezi kukiri kuchelewa kwa lugha iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Kutojua ndiko kunakotesa

Je, mwili hufanya nini wakati huo wote? Mwaka wa 2016 watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliwachukua watu 45 na kuwachezesha mchezo wa kompyuta wa kubashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka. Kila nyoka alipotokea, mchezaji alipigwa na umeme mdogo mkononi. Walioteseka zaidi hawakuwa wale waliojua kwa hakika kwamba watapigwa. Wasiwasi ulifika kileleni pale mtu alipokuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kupigwa au kuponea. Jasho liliwatoka na mboni za macho zikapanuka.

Basi mwambie mtu huyo acheze mchezo huo kwa miaka mitatu, kila simu inapolia!

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Pauline Boss, ambaye miaka ya 1970 alichunguza familia za wanajeshi waliotoweka vitani, alieleza huzuni ya namna hii kuwa ni kupoteza kusikoeleweka. Mtu hayupo, lakini hajafa. Huwezi kumlilia na huwezi kuketi naye mezani. Mke anayengoja Turbo anaijua hali hiyo bila kusoma kitabu. Ana mume kwenye simu jioni, lakini asubuhi ni yeye peke yake anayeamua kuhusu karo, shamba la mahindi na mtoto mwenye homa.

Juu ya hayo kuna maswali ya majirani. "Mama, kumbe bado uko?" humwuliza sokoni na kanisani. Anayeuliza hana nia mbaya, lakini anayeulizwa hurudi nyumbani akiwa ameinama. Wengine huacha kabisa kuhudhuria chama na harusi ili kuliepuka swali hilo, wakakosa wale ambao wangaliwafariji.

Dalili zake si siri. Usingizi hukatika saa nane za usiku, kwani huko mume aliko bado ni jioni na huenda ujumbe ukaingia. Kichwa huuma, hamu ya chakula hupotea au huzidi, hasira huwaangukia watoto. Tumbo nalo huvurugika. Vidonda vya tumbo vyenyewe aghalabu huletwa na bakteria au dawa za maumivu, wala si mawazo peke yake, kwa hivyo anayeumwa asijipe ugonjwa wala dawa kwa kukisia. Apimwe.

Yanayoahirishwa

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Anayengoja huishi kama abiria aliyekwisha funga mizigo. Hanunui kitanda kipya kwa kuwa ataondoka, na hatengenezi jino kwa kuwa ataondoka.

Mathalan, zingatia malipo ya afya. Halmashauri ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Mtu asiye na mshahara hupimiwa uwezo wake na mchango wake ulianzia shilingi 300 kwa mwezi. Anayejiona yuko njiani husema, "Ya nini kulipa na mimi ni wa kuondoka?" Ugonjwa haumwulizi mtu kama ana viza. Ukibisha hodi, familia huanza kuitisha mchango na kuuza ng'ombe.

Pili ni kifua kikuu. Wanaokwenda Marekani kama wahamiaji hupimwa ugonjwa huu, na waendao Uingereza kukaa zaidi ya miezi sita vilevile. Wengi wa huku hupimwa katika kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Nairobi. Kwa hofu ya kukataliwa, kuna wanaoficha kikohozi wakinywa dawa za dukani. Hilo ni kosa maradufu. Mwenye ugonjwa unaoambukiza husubirishwa mpaka atibiwe, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Aliyeyaanza mapema katika hospitali ya umma, ambako dawa za kifua kikuu ni za bure, humaliza huku faili bado inazunguka. Aliyeficha huanza siku aliyodhani angepanda ndege, na katika muda huo amewaambukiza watoto wake.

Tatu ni virusi vya Ukimwi. Bado kuna wanaoamini kwamba kupimwa ni kuiua safari. Kweli Marekani iliwazuia wenye virusi tangu 1987, lakini marufuku hiyo iliondolewa Januari 4, 2010. Watu wa Turbo hawana haja ya kwenda mbali kupimwa. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka wa 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, ulifika hadi kliniki ya mji huu. Wenzi walioishi mbalimbali kwa miaka miwili wanapokutana likizoni, wapimwe pamoja kabla ya kulala pamoja. Hayo si matusi kwa ndoa, ni heshima.

Nne ni uzazi. Mwanamke huambiwa angoje akazalie huko ili mtoto apate uraia. Ameolewa akiwa na miaka 31, faili imekaa miaka mitano, na sasa ana 36. Uwezo wa kushika mimba hupungua kwa kasi zaidi baada ya miaka 35, na hakuna ubalozi unaoweza kuirudisha miaka hiyo. Mimba haimnyimi mtu viza. Kuzaa lini ni uamuzi wa mke na mume, lakini waufanye wakimsikiliza daktari, wasimwachie karani wa uhamiaji.

Tano ni huzuni yenyewe. Wengine hawathubutu kumwambia daktari kwamba hawalali, wakidhani itaandikwa kwenye faili. Kanuni za kitabibu za Marekani wanazozifuata madaktari wanaowapima wahamiaji hutazama maradhi ya akili yanayoambatana na tabia ya kujidhuru au kudhuru wengine. Huzuni iliyofichwa mpaka ikafikia hapo ni hatari kuliko ile iliyozungumzwa mapema.

Kadi isiwe pingu

Aliyekwisha fika ng'ambo naye ana yake. Kwa kuwa kadi yake inategemea ndoa, mwenzi mbaya anaweza kuigeuza kuwa rungu. "Ukinena, narudisha stakabadhi zako." Wangapi wamevumilia makofi kwa neno hilo? Wajue kwamba sheria ya Marekani ya 1994 inamruhusu anayeteswa na mwenzi aliye raia au mwenye grinikadi kujiombea mwenyewe bila idhini ya mtesi. Kanada nayo iliweka mwaka wa 2012 sharti la baadhi ya wenzi wapya kukaa pamoja miaka miwili, kisha Aprili 2017 ikalifuta, baada ya kuonekana kwamba linawafunga watu katika nyumba za mateso. Serikali ikitaka kujifunza, hujifunza.

Nasi tusiwanyoshee wengine kidole tukasahau boma letu. Chini ya katiba ya zamani, mwanamke Mkenya aliyeolewa na mgeni hakuweza kumpatia mumewe uraia kwa njia ya ndoa, ilhali mwanamume aliweza kwa mkewe. Katiba ya 2010 iliondoa ubaguzi huo na kumruhusu mwenzi aombe uraia baada ya miaka saba ya ndoa. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 ikamruhusu kuomba ukaaji wa kudumu baada ya mitatu. Mji ulio kwenye njia ya Malaba hauwezi kukosa ndoa za Wakenya na Waganda. Kila siku ambayo faili zao zinakaa juu ya meza huko Nairobi, nao pia hawalali.

Lifanyike nini?

Wauguzi wa kliniki zetu waongeze swali moja wanapompokea mwenye shinikizo la damu au asiyelala: "Mwenzako yuko wapi, na mnangoja nini?" Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti. Viongozi wa makanisa na vyama vya akina mama nao wawakusanye wanaongoja. Aliyengoja miaka minne akafanikiwa ana mengi ya kumfunza aliyeanza jana, na anayejua kwamba hayuko peke yake hubeba mzigo mwepesi.

Kwa mume au mke aliye ng'ambo, pesa unazotuma zinashukuriwa, lakini mweleze mwenzako ukweli. Mwambie faili imefika wapi, hata kama haijasogea. Tumeona kwamba kutojua hutesa kuliko habari mbaya. Pangeni siku moja ya wiki ya kuzungumza habari za stakabadhi, na siku nyingine zungumzeni kama mke na mume.

Nawe dada au ndugu unayengoja, funga barua na nakala zako katika bahasha moja na uziweke mahali salama, kisha urudi kwenye maisha. Panda mahindi, jiunge na chama, lipa SHA. Kapime shinikizo la damu mwezi huu, kwa maana halina dalili mpaka limeharibu. Dada, usisahau uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Ukikohoa kwa wiki mbili, nenda hospitali ya Turbo, usiende dukani.

Subira huvuta heri, ndiyo, lakini mwenye kuisubiri heri sharti awe hai na mzima siku itakapofika.