Usiuite Utukufu

Unachangisha mashine ya moshi ndio taa za kesha zipendeze. Nikuambie ukweli: huo moshi ni maji na glaikoli vilivyochemshwa. Usiuite utukufu! Katika 1 Wafalme 8 wingu lilijaa hekaluni, makuhani wakashindwa kusimama kuhudumu. Kwetu Ijumaa aliyeshindwa ni mama mwenye pumu. Alitoka nje akishika kifua, na mimi nikaendelea kuongoza sifa. Nimetubu. Kama ni lazima ununue, chagua ile ya ukungu mwepesi. Huo unatosha kuonyesha miale ya taa. Ya wingu zito waachie wenye disko, hasa kama kanisa lenu ni la mabati na madirisha mawili. Na kabla ya kulipa, uliza wenye pumu huketi wapi.