Panadol si adui wa mimba yako: angalia unachonunua badala yake

Mama mjamzito, huenda na wewe umesikia kwamba Panadol inaleta usonji kwa mtoto. Maneno hayo yalianzia mbali. Tarehe 22 Septemba 2025, Rais wa Marekani, Donald Trump, aliwaambia wajawazito waepuke Tylenol. Tylenol ni jina la dukani tu. Ndani yake ni paracetamol, ile ile tunayoiita Panadol.

Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema hakuna ushahidi wa uhakika wa jambo hilo. Utafiti wa Sweden uliotoka mwaka 2024 uliangalia watoto zaidi ya milioni 2.4. Walipolinganishwa watoto wa mama mmoja, ambaye alitumia paracetamol kwenye mimba moja na nyingine hakutumia, haikuonekana kwamba dawa hiyo inaongeza usonji.

Mimi hapa Buhigwe nahofia zaidi kile unachonunua badala yake. Unafika duka la dawa muhimu, unasema kiuno kinauma na Panadol huitaki, unapewa Diclopa. Diclopa ni diclofenac na paracetamol katika kidonge kimoja. Uliyoikimbia umeimeza, na umeongeza nyingine yenye shida kweli. Diclofenac na ibuprofen (Brufen), kuanzia wiki ya 20 ya mimba, zinaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Mimba ikikaribia mwisho, zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa wa damu ulio karibu na moyo wake. Aspirini ndogo uliyoandikiwa kliniki kuzuia kifafa cha mimba ni jambo jingine, hiyo usiiache mwenyewe.

Kuna na hili: Diclopa asubuhi, Panadol mbili mchana, dawa ya mafua usiku. Unaona dawa tatu, lakini ini linapokea paracetamol mara tatu, maana dawa nyingi za mafua nazo zinayo. Mtu mzima anatumia vidonge 2 vya miligramu 500, anasubiri saa 6, na visizidi 8 kwa siku, ukihesabu na vile vilivyojificha kwenye dawa nyingine. Kama uko kwenye dozi ya TB, uliza kwanza, kwani dawa hizo nazo zinalielemea ini.

Bibi anayelea wajukuu na anayetumia dawa za presha, kama captopril, losartan au furosemide, naye asizoee Diclopa kwa ajili ya magoti. Inapandisha presha na kuchosha figo, kisha watu wanasema dawa ya presha imeshindwa.

Mseto wa malaria unaweza kutumika pamoja na Panadol. Ila Panadol inashusha homa tu, haiui vimelea. Pima kwanza, na homa ikishuka maliza mseto.

Dukani soma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Maboksi yanayovuka kutoka Burundi mara nyingi yameandikwa Kifaransa, basi mwombe muuzaji akusomee kilichomo. Akishindwa, usinunue.

Ukigundua umezidisha paracetamol, usisubiri dalili. Siku ya kwanza unaweza kujisikia mzima kabisa huku ini linaumia. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na pakiti zote mkononi.