Maigizo shuleni Katavi: Kujifunza, au kumpendeza mgeni rasmi?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KATIKA shule nyingi za msingi nchini, igizo lina siku yake. Ni siku ya mahafali ya darasa la saba, Siku ya Mtoto wa Afrika kila Juni 16, au siku anapokuja mgeni rasmi kuzindua vyumba vya madarasa. Wanafunzi kumi au kumi na wawili, kwa kawaida wale wenye sauti kubwa na kumbukumbu nzuri, hukariri maneno waliyoandikiwa na mwalimu, huigiza mbele ya meza kuu na kupigiwa makofi. Kesho yake darasa hurudi ubaoni kama kawaida.

Mkoa wa Katavi hauko nje ya desturi hiyo. Lakini ni miongoni mwa mikoa yenye sababu kubwa zaidi ya kuiacha, na tangu Januari 2024 una kibali cha kufanya hivyo.

Mwezi huo ndipo mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Pamoja na kupunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, mtaala huo umeweka somo la Sanaa na Michezo, na unamtaka mwalimu wa kila somo atumie mbinu zinazomfanya mwanafunzi atende badala ya kusikiliza tu. Igizo dhima, yaani mwanafunzi kuvaa nafasi ya mtu mwingine na kuamua mambo akiwa katika nafasi hiyo, ni mojawapo ya mbinu hizo.

Kwa maneno hayo hakuna jipya sana. Mtaala wa mwaka 2005 nao ulizungumzia umahiri na ushirikishwaji. Hata kabla ya hapo, Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea alilalamikia elimu inayoamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Tatizo la nchi hii halijawahi kuwa upungufu wa maandiko mazuri kuhusu elimu.

Wala Tanzania haikukosa wataalamu wa maigizo. Mwaka 1982 na 1983, wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakaacha kuwapelekea wanakijiji mchezo uliokwisha kuandikwa. Badala yake wanakijiji wenyewe walichunguza matatizo yao, wakayaigiza, kisha wakayajadili. Mwaka 1996, Mlama na Amandina Lihamba walianzisha Tuseme katika shule za sekondari, ambamo wasichana walitumia njia hiyo hiyo kusema yanayowazuia kusoma. Njia hiyo baadaye ilivuka mipaka na kutumika katika nchi nyingine za Afrika.

Kinachoshangaza ni kwamba mbinu iliyozaliwa hapa nyumbani, na kuheshimiwa nje, bado inaonekana katika shule nyingi za msingi kama burudani ya kujazia ratiba ya sherehe.

Tofauti kati ya mambo hayo mawili si ndogo. Katika igizo la mahafali, anayenufaika ni mtazamaji, kwa kuwa mwanafunzi amekwisha kuambiwa cha kusema na jibu limekwisha kujulikana. Katika igizo la kujifunzia, mtazamaji si lazima awepo kabisa. Watoto wanapewa mahali, watu na tatizo, wanaachwa watafute njia, na mwalimu mwenyewe anaingia ndani ya mchezo akiwa mzee wa kijiji, mfanyabiashara au ofisa fulani ili kuwatia ugumu pale wanapofikia jibu jepesi. Mwalimu Mwingereza Dorothy Heathcote, aliyefariki dunia mwaka 2011, alitumia maisha yake kufundisha mbinu hiyo ya mwalimu kuigiza pamoja na wanafunzi wake.

Mfano wa karibu kwa mtoto wa Katavi ni Mto Katuma. Mto huo hupita katika maeneo ya kilimo cha mpunga kabla ya kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hupitia Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na maji yake hatimaye huelekea Ziwa Rukwa. Kiangazi maji hupungua, na viboko wa hifadhi hiyo, wanaojulikana duniani kwa wingi wao, husongamana katika madimbwi ya matope. Ubaoni, hayo ni mistari minne ya kunakili.

Nje ya darasa, chini ya mwembe, mwalimu anaweza kuuchora mto huo kwa jivu ardhini. Kundi la kwanza la wanafunzi ni wakulima wa mpunga wa juu ya mto, la pili ni wafugaji, la tatu ni askari wa hifadhi, na la nne ni wavuvi wa Rukwa. Ndoo moja ya lita 20 ndiyo mto wenyewe. Wakulima wanachota kwanza, na kwa kuwa ni watoto, watachota sana. Ndoo inapofika kwa wavuvi imebaki na lita mbili, na hapo ugomvi unaanza bila mwalimu kuuandika.

Mwalimu sasa anaingia akiwa ofisa wa bodi ya maji ya bonde. Anawataka waeleze nani alichukua kiasi gani, na watapunguzaje. Lita 12 kati ya 20 ni sehemu gani ya mto? Hilo ni somo la sehemu katika Hisabati. Kwa nini askari wa hifadhi anadai maji ya mnyama asiyelima? Hilo ni Jiografia na Mazingira. Na mtoto anayesimama kumtetea kiboko mbele ya wenzake themanini anajifunza Kiswahili kwa namna ambayo zoezi la kujaza nafasi zilizo wazi haliwezi kumpa.

Suala la lugha lina uzito wa pekee katika mkoa huu. Pamoja na Wabende, Wapimbwe na Wakonongo walio wenyeji, Katavi imepokea Wasukuma, Waha, Wafipa na wengine wengi. Ipo pia Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao wengi wao na watoto wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Wapo watoto wanaoingia darasa la kwanza wakiwa na Kiswahili cha kusikia tu. Mpango wa EQUIP-T uliofadhiliwa na Uingereza, ambao Katavi iliingizwa baadaye, ulitumia hadithi na michezo kuwaandaa watoto wa namna hiyo kabla ya kuanza shule. Shule Bora, mpango uliofuata, nao umeihusisha Katavi. Kwa hiyo mbinu hizi si ngeni mkoani, ingawa zimezoeleka zaidi kwa watoto wadogo kuliko kwa darasa la tano au la sita.

Wapo watakaosema dunia imekwisha kusonga mbele. Katika nchi tajiri, baadhi ya shule zina vyumba vinavyomzungushia mwanafunzi picha na sauti pande zote, akajiona yuko chini ya bahari au katika mji wa kale. Nyingine humvisha miwani ya uhalisia pepe. Ni mambo mazuri, lakini Mpanda kwa miaka mingi ilipata umeme wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na shule isiyo na madawati ya kutosha haitaanza na miwani hiyo.

Isitoshe, chumba cha picha humfanya mtoto azungukwe na mahali. Hakimlazimishi kufanya uamuzi. Jivu na ndoo vinamlazimisha. Na kwa Katavi, mahali penyewe hapahitaji kutengenezwa kwa mitambo. Lango la hifadhi lililoko Sitalike liko kilomita zipatazo 35 kutoka Mpanda mjini. Kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju unaohusishwa na mzimu wa Katabi, ambaye mkoa na hifadhi vimechukua jina lake, na watu bado hupeleka sadaka hapo. Mtoto wa Mishamo, ambaye ni lazima kwanza asafiri hadi Mpanda, anaweza kumaliza shule ya msingi bila kupaona. Basi moja la wanafunzi kwa mwaka linaweza kuwa na faida kubwa kuliko chumba cha mitambo, ingawa nalo linahitaji fedha ambazo ruzuku ya uendeshaji wa shule haikukusudiwa kuzibeba.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, ni idadi. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 3.2, liliifanya Katavi iongoze nchi nzima. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja, lakini mkoa uliozidi kuongezeka maradufu katika miaka kumi hauwezi kukifikia kwa urahisi, hata pale vijiji vinapojisaidia. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinavyohifadhi misitu ya milima ya Ntakata vimetumia sehemu ya mapato ya hewa ukaa kujenga madarasa, jambo la kupongezwa. Watoto nao wanaendelea kuja.

Mwalimu mwenye wanafunzi 100 na kipindi cha dakika 40 ana haki ya kuuliza igizo litafanyikaje. Jibu la kweli ni kwamba halitafanyika kila siku, na anayemwambia vinginevyo hajawahi kushika chaki. Linaweza kufanyika mara moja kwa mada, nje, kwa makundi yanayoigiza kwa wakati mmoja bila kusubiriana zamu. Kelele zitakuwapo. Mwalimu mkuu anayeona kila kelele kuwa utovu wa nidhamu atalizima mapema.

Ipo sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito, na si ya kitaaluma tu. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Katavi walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 27. Mwaka 2022 wastani huo wa Taifa ulikuwa umeshuka hadi asilimia 22. Tangu Novemba 2021 Serikali inamruhusu msichana aliyekatishwa masomo na ujauzito kurudi shuleni, lakini wa darasa la sita bado ana nafasi ya kujikinga kabla ya kufika huko.

Mtoto huyo amekwisha kuambiwa mara nyingi aseme hapana. Hajawahi kupewa nafasi ya kulifanyia mazoezi neno hilo: mbele ya mtu anayempa lifti ya pikipiki, anayemlipia daftari, au ambaye ni rafiki wa baba yake. Igizo linampa nafasi hiyo, tena linampa ya kukosea na kurudia. Mvulana anayeigiza upande wa pili naye analazimika kusikia jibu.

Hapo ndipo walimu wengi husita, na wana sababu. Mchezo usioandikwa na mwalimu hauna udhibiti. Mtoto anapoigiza mjomba anayeingia chumbani usiku, huenda hakubuni. Nchini Kenya, ambako tamasha la maigizo ya shule lilianza mwaka 1959, hofu ya maneno ya wanafunzi imewahi kufika mbali: Aprili 2025 mjini Nakuru, wasichana wa Shule ya Butere waliimba wimbo wa Taifa na kuondoka bila kuigiza mchezo wao, huku polisi wakirusha mabomu ya machozi. Ule ulikuwa mchezo wa siasa jukwaani. Wa darasani Katavi utagusa ukoo, na pengine mtu anayekaa kwenye kamati ya shule.

Kwa hiyo shule inayofungua mlango huo inapaswa kujua kabla nani atamsikiliza mtoto baada ya kipindi. Mwalimu wa ushauri na unasihi, ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi wapo katika mfumo. Igizo la aina hii bila wao ni kumfanya mtoto aseme kisha kumwacha peke yake na alichokisema.

Limebaki suala la kipimo. Mthibiti ubora wa shule anapofika hukagua maazimio ya kazi, maandalio ya somo na madaftari ya wanafunzi, na kipindi cha jivu na ndoo hakiachi alama yoyote katika daftari. Wala mtihani wa Taifa haumpimi mtoto alivyomtetea kiboko. Mwalimu anayeijua hali hiyo atachagua ubao, na hawezi kulaumiwa.

Njia ipo, nayo haihitaji waraka mpya. Kipindi kinachofuata igizo kiwe cha kuandika: barua ya mvuvi wa Rukwa kwenda kwa mkulima wa mpunga, pamoja na hesabu ya ndoo. Daftari litajaa, mthibiti ataona kazi, na utungaji uko katika mtihani. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanawakutanisha walimu shuleni mwao katika jumuiya za kujifunza, na hapo ndipo mahali pa kujaribu kipindi kama hicho, walimu wenyewe wakiwa wakulima na wavuvi, kabla ya kukipeleka kwa watoto.