Saa kumi asubuhi ndiyo saa ngapi?

Haya wadau, leo naomba mnivumilie, nina hasira kidogo. Nimetoka Pangani.

Shangazi yangu anaishi Bweni, ng'ambo ya mto. Mwezi uliopita alipata meseji kutoka hospitali moja: kliniki yake ni Jumatano, "saa 10:00 asubuhi". Jumanne akavuka na pantoni, akapanda basi hadi Tanga, akalala kwa ndugu Ngamiani. Saa kumi alfajiri alikuwa getini na kitenge chake begani. Mlinzi akamwambia, "Mama, mbona umewahi? Kliniki hiyo ni saa nne." Akakaa pale kwenye benchi saa sita nzima. Ana presha huyu mama.

Nilipomuuliza kwa nini hakupiga simu kwanza, akanijibu, "Wamesema saa kumi, mwanangu. Nikadhani hiyo ndiyo asubuhi yao."

Nikamtafuta rafiki yangu anayeandika programu, nikamweleza. Jibu lake la kwanza: "Hapo watakuwa hawakuweka Africa/Dar_es_Salaam." Hapana! Saa ilikuwa sahihi kabisa. Mashine ilijua ni saa nne za asubuhi, ikaandika kumi kwa hesabu ya Kizungu, kisha ikabandika neno "asubuhi" la Kiswahili.

Tuelewane. Java, Python, PHP na wenzao wana maktaba za kushughulikia kanda za saa, na nyingi zinategemea kumbukumbu ileile iliyoanzishwa na Arthur David Olson mwaka 1986, ambayo tangu 2011 inahifadhiwa na IANA. Kazi nzuri sana ile. Na sisi tuna bahati: Tanzania nzima iko saa tatu mbele ya UTC, hatusogezi saa kiangazi wala masika. (Hatukuwa hivi siku zote. Kumbukumbu za zamani zinaiweka Dar saa 2 na dakika 45 mbele kuanzia 1948 hadi 1961. Siku hizi jina la Dar limeunganishwa tu na Nairobi, na Nairobi haina robo saa hiyo kwa miaka ile. Wanaotafiti vyeti vya kuzaliwa, kazi kwenu.)

Lakini saa ya Kiswahili si ukanda wa saa. Ni namna ya kusoma saa. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, hata wale wanaotaka kusaidia. Kuna ujanja mmoja nimeuona: unaiambia seva kwamba iko Buenos Aires, saa tatu nyuma ya UTC. Tofauti na kwetu ni saa sita, basi saa moja asubuhi inaonekana 1:00. Safi, eeh? Subiri usiku. Jumanne saa tisa usiku, seva inaandika Jumatatu. Mgonjwa akipewa dawa saa hiyo, kumbukumbu inasema alipewa jana.

Upande wa lugha, programu nyingi huchota maneno kutoka CLDR, ghala la Unicode. Kiswahili kimo: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Nawashukuru. Ila namba inabaki ya Kizungu, kwa sababu mifumo yao inajua saa 12 na saa 24 tu, haijui kuanza kuhesabu jua linapochomoza. Matokeo yake, saa nne ya usiku inaandikwa "10:00 usiku". Mtu wa Pangani akisoma hapo ni saa kumi, jogoo karibu anawika. Afadhali wangeandika 22:00 bila neno lolote! Angalau ungejua ni hesabu ya wenzetu.

Najua wapo watakaosema tuachane na saa hizi, tuende na dunia. Dunia ipi? Redio zetu zinatangaza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na hakuna anayepotea. Huku jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Waethiopia nao wanahesabu vivyo hivyo.

Dawa yenyewe si ngumu. Hifadhi kila kitu kwa UTC. Pata saa ya Dar. Kisha, mwisho kabisa, wakati wa kuandika sentensi ya kumfikia mtu, ndipo usogeze namba kwa sita, tarehe usiiguse. Ni mistari michache ya msimbo, na mjaribu kumsomea mama yako kabla ya kuituma.

Juzi shangazi kapata meseji nyingine: "saa 2:00 mchana". Kanipigia. "Mwanangu, saa mbili mchana ndiyo ipi?" Nikamwambia ni saa nane. Akashukuru. Kisha akawaambia ndugu wa Ngamiani kwamba atafika hospitali saa mbili asubuhi, ikibidi atasubiri.