Dumu lisilo na jina lisivuke mpaka

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaofanya biashara Kobero na Muyinga, leo naomba tuzungumzie methanoli.

Ni kioevu kisicho na rangi, kinachochemka kwenye nyuzi 65. Ndugu yake ethanoli, yaani pombe ya kunywa, huchemka kwenye nyuzi 78. Zote huwaka moto, zote huchanganyika na maji, na harufu zake zinakaribiana. Kwa macho na pua huwezi kuzitofautisha.

Maabara inaihitaji methanoli. Damu ya kupimia malaria ikishapakwa kwa wembamba kwenye kioo na kukauka, hutiwa methanoli ili chembe zisipasuke, ndipo hupakwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa hadubini.

Balaa huanza inapoingia kilabuni. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu neva ya jicho. Mililita 10 zaweza kupofusha, na 30 zaweza kuua. Dalili huchelewa kwa saa nyingi, hivyo mnywaji hudhani amelewa tu. Anayeona ukungu machoni baada ya kunywa akimbizwe hospitali, asiachwe alale.

Majirani wameshalia. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Aprili 2010 waragi wa namna hiyo uliua makumi ya watu Kabale, Uganda. Mei 2014 Kenya ilizika tena.

Mimi nilisomea uhamishoni Tanzania. Kemia niliifahamu kwa Kiingereza. Hapa Gitega wanafunzi wangu wanaisoma kwa Kifaransa. Mama aliyerudi kutoka kambini, anayesoma Kiswahili na Kirundi tu, atajuaje kilichoandikwa kwenye dumu, au bidoni kama tusemavyo huku? Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Soko likiwa la pamoja, onyo nalo liwe la pamoja.

Kwa hiyo naiomba serikali idai kila chombo cha kemikali kiandikwe SUMU kwa Kiswahili na Kirundi, pamoja na picha ya fuvu. Nanyi wafanyabiashara, msihamishie spiriti kwenye chupa za maji, wala msinunue dumu lisilo na jina hata likiwa rahisi. Faida ya siku moja hailipi macho ya mtu.